Kibodi Moja na Mwezi Mmoja wa Kupumzika

Sogeeni karibu. Mwenye kazi mkononi aendelee nayo, mimi nahitaji masikio tu. Leo sikuja kuwachekesha. Nimekuja na fundo, na nimelileta kwenu kwa sababu kucha zangu zimeshindwa kulifungua.

Palikuwa na watu watatu jijini Mbeya, katika ofisi ndogo ya uchapaji nyuma ya soko la ndizi.

Wa kwanza aliitwa Atuganile, mama wa makamo, mpole, aliyeanza kupiga chapa tangu enzi za mashine za chuma. Kipaji chake kilikuwa sikio. Ungempa sauti iliyorekodiwa huku mvua inapiga bati, mbwa anabweka na watu wanaingiliana maneno, yeye angekupa la kila mmoja, bila kumwongezea mtu neno wala kumpunguzia.

Wa pili aliitwa Subilaga, mama kijana. Huyu alikuwa amefundisha hisabati sekondari kabla ya kuhamia kwenye kazi za kompyuta. Kipaji chake kilikuwa kupanga. Hakuweza kuingia jikoni kwa mtu asihamishe chumvi ikae karibu na jiko, na mwenye jiko akirudi kesho yake alikuwa haelewi kwa nini mapishi yamekuwa mepesi.

Wa tatu aliitwa Gwakisa, fundi wa redio na simu, ambaye ofisi ilimwajiri kutunza mashine zake. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kitu kikivunjika mbele yake, mikono ilianza kukitengeneza kabla mdomo haujauliza kimevunjikaje.

Juu yao alikuwapo msimamizi, Mzee Mwambeta. Yeye sitamtajia kipaji. Alikuwa mtu wa haki, na haki ni kazi inayochosha kuliko kubeba magunia.

Sasa, mwaka huo mvua zilikuwa kubwa. Kijiji kimoja cha mteremkoni, jina lake naliacha, kiliangukiwa na mlima. Ulimomonyoka alfajiri, ukashuka na migomba na nyumba na watu waliokuwa wamelala. Waliobaki walisema kwamba machimbo ya mawe yaliyokuwa chini ya mlima ndiyo yaliyoula mguu wake mpaka ukashindwa kusimama. Wenye machimbo walisema hakuna aliyewahi kuwaonya. Ikaundwa tume. Tume ikaenda kukaa kwenye ukumbi wa kanisa, wenye paa la bati, ikawasikiliza watu mvua ikiwa bado inanyesha, ikarekodi kila kitu. Kisha rekodi zile zikaletwa ofisini kwa Mzee Mwambeta ziwekwe kwenye karatasi.

Masharti yalikuwa magumu. Wajumbe wa tume wangekutana mara moja tu kutoa uamuzi, na wangesoma kilichochapwa. Ushahidi ambao haujachapwa mpaka siku hiyo ungekuwa kama haukusemwa.

Ofisi ilikuwa na wapiga chapa wengine wawili, vijana wenye kasi. Walivaa hedifoni, wakasikiliza siku chache, wakaomba kuhamishiwa kazi nyingine. Mmoja alisema hasikii kitu ila mvua. Mwingine alisema anasikia, na hilo ndilo tatizo lake. Kazi yote ikabaki kwa Atuganile.

Akaichapa. Alikuja asubuhi, akakaa, akaondoka jioni, na kila siku kiti chake kilimpokea akiwa mzito zaidi. Kwanza mikono ilianza kuwa na ganzi. Kisha vifundo vya mikono vikaanza kuuma akishika sufuria. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya watu, akakiangalia chini kana kwamba kimedondoshwa na mtu mwingine. Alikwenda hospitali. Daktari akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa, apumzishe mikono. Aliuliza kwa muda gani. Daktari akasema muda mrefu. Akashukuru, akafunga bandeji, akarudi kwenye kiti.

Ndipo ikafika asubuhi ambayo kidole chake kidogo cha kushoto kilikataa kabisa. Yeye hakujua. Alikuwa amefumba macho akisikiliza na kuchapa, kama alivyozoea. Subilaga alipopita nyuma yake na kutazama kioo cha kompyuta, alikuta pameandikwa: wtoto wngu wlikuw wmell.

Alisimama pale, akasoma mara ya pili kwa sauti ya chini. Watoto wangu walikuwa wamelala. Neno lilikuwa zima sikioni mwa Atuganile, lakini herufi moja ilikuwa imekufa kidoleni.

Hapo ndipo kazi ya Subilaga ilipoanza. Aliwaeleza wenzake jambo ambalo, alisema, lilikuwa mbele ya macho yao miaka yote. Mpangilio wa herufi kwenye kibodi zetu ulipangwa ng'ambo, kwa ajili ya lugha nyingine. Katika lugha yetu hakuna herufi inayotoka mara nyingi kama a. Iko katika mama, iko katika baba, iko katika karibu neno lolote unalolitamka. Na kibodi imemkabidhi nani herufi hiyo? Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Wakati huohuo q na x, ambazo Mswahili hana la kuzifanyia, zimetengewa vitufe vyao kamili. Alisema ni kama nyumba ambayo mgeni asiyekuja ametandikiwa kitanda, na mwenye nyumba analala sakafuni.

Gwakisa alisikiliza, kisha akauliza kama herufi zinaweza kuhamishwa. Subilaga akasema zinaweza. Kuna kibodi zenye chipu ndani yake ambayo unaiambia kila kitufe kiwe herufi gani, nayo inatii. Nyingine zimekatwa vipande viwili, kila mkono na kipande chake, ili mabega yakae wazi na vifundo visipinde. Lakini mjini hapakuwa na duka lenye kitu hicho, na kukiagiza kutoka nje kungechukua muda mrefu kuliko waliobakiwa nao. Chipu alizipata Gwakisa kwa fundi mwenzake. Vingine vyote, alisema, atavitengeneza.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana sasa nawaambia kila mmoja alifanya nini, na hukumu yenu itatoka humo.

Gwakisa alikwenda kwenye tanuri la matofali akaleta udongo wa mfinyanzi. Akauweka mezani, akamwomba Atuganile akae, afumbe macho, alegeze mabega, kisha aangushe mikono juu ya udongo bila kufikiri. Atuganile akafanya hivyo. Alipoinua mikono, alama zilibaki, na Gwakisa akaziinamia kwa muda. Vidole havikuwa kwenye mstari ulionyooka, kama vitufe vinavyotaka. Cha kati kilikuwa mbele, kidogo kilikuwa nyuma kabisa, na kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Alimuuliza. Atuganile akasema alikivunja utotoni akichuma chai na kiliunga chenyewe. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anakinyoosha kwa nguvu kukifikia kitufe.

Gwakisa alifuata udongo. Alipasua kibodi mbovu za stoo akachomoa swichi zake. Akachonga vipande viwili vya mbao ya paina, vikiwa na mteremko kama paa. Akazipanga swichi kwa safu, kila safu imeshuka au kupanda kufuata kidole chake, na chini akaweka vitufe vinene vya vidole gumba. Akaunganisha nyaya kwa lehemu, moja baada ya nyingine, moshi ukimpanda puani. Alipomaliza, ikaja wiki ya ukungu, na mnajua ukungu wa Mbeya ulivyo. Paina ilivuta unyevu ikajikunja, lehemu zikaachia, kibodi ikawa inatoa herufi inavyotaka yenyewe.

Mbao iliyokauka vya kutosha aliyoijua Gwakisa ilikuwa moja tu. Ni uso wa meza yake ya kazi, mninga wa zamani aliourithi kwa baba yake. Akaukata. Kibodi ya pili ilitoka humo, na haikujikunja. Lakini tangu siku hiyo hakuwa na meza. Alifanya kazi zake akiwa amepiga magoti, ameinama juu ya sakafu ya saruji, siku nzima, masika yote. Mgongo wake ukaanza kukaza. Kufikia mwisho wa mvua alikuwa haketi wala hasimami bila kushika ukuta kwanza.

Subilaga naye. Kibodi ya Gwakisa bila yeye ilikuwa mbao yenye vitufe visivyojua majina yao. Yeye ndiye aliyeipa majina. Aliiingizia kompyuta magazeti mengi ya Kiswahili, ikamweleza ni herufi zipi zinapendana, zipi hazionani. Akaitoa a kwenye kidole kidogo na kuiweka kwenye kidole gumba cha kulia, chenye nguvu kuliko vyote. Irabu nyingine akaziweka mkono huohuo wa kulia, konsonanti nyingi akazipeleka kushoto. Kwa sababu maneno yetu yanakwenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mikono ikawa inapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Tarakimu akazificha chini ya herufi: ukishikilia kitufe kimoja cha gumba, herufi zinageuka kuwa tarakimu, ukikiachia zinarudi. Mkono haukuwa na safari tena.

Ulikuwa mpangilio mzuri, ila ulikuwa na kosa, na kosa lilijulikana Atuganile alipokwisha kuuzoea kidogo. Ulipangwa kwa lugha ya magazeti. Waliosema mbele ya tume hawakusema kama magazeti. Walikuwa wazee na wajane wanaochanganya Kiswahili na Kinyakyusa, na kila mmoja alianza kwa jina lake na majina ya waliokufa. Majina ya kule mnayajua. Mwakipesile, Mwaisumo, Mwandemele, Mwakatobe. Katika mpangilio wa Subilaga, m na w zilikuwa zimepewa kidole kimoja. Kila jina la marehemu lilikuwa linamkwaza Atuganile mwanzoni kabisa.

Subilaga alipoliona hilo alimwambia kwamba itabidi mpangilio ubadilishwe. Atuganile akaondoa mikono juu ya vitufe. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, wala hakupaza.

"Mwanangu," alisema, "umenitoa kwenye nyumba niliyoishi tangu ujana. Nikakubali. Sasa ndiyo kwanza nimezoea mlango ulipo, unataka kuuhamisha. Mimi sina nguvu za kuhama mara ya pili."

"Mama, kosa ni langu," Subilaga akajibu. "Lakini nikiuacha mlango hapo, utakubana kidole kingine."

Atuganile aliinuka. Akatoka nje akasimama kwa wauza ndizi, akakaa huko mpaka chai ya saa nne ikapoa mezani. Subilaga hakumfuata. Alikaa akafikiri namna ya kumhamisha mtu mchovu bila kumchosha. Atuganile aliporudi, Subilaga alimwambia hatabadilisha vyote. Atahamisha herufi moja tu kila asubuhi, na kila herufi atakayoihamisha atajifunza yeye mwenyewe kwanza, asije akamtuma mama njia ambayo hajaipita. Na mwanzo wa majina, Mwa, ataupa kitufe kimoja peke yake. Ukikibonyeza mara moja, herufi zote tatu zinatoka.

Alifanya hivyo, na aliyafanya hayo akiwa na mtoto mchanga mgongoni, maana aliyekuwa akimlea mtoto huyo alikuwa ameondoka na hakupata mwingine. Mtoto alikuwa anaota meno. Nyumbani hakulala, ofisini hakunyamaza. Subilaga alikuwa akipanga herufi huku anajitikisa kushoto na kulia, na hata mtoto aliposinzia yeye aliendelea kujitikisa bila kujua. Watu wa ofisini walimwona akisoma sentensi ileile mara nyingi, midomo ikisogea, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alipungua mpaka vitenge vyake vikawa vinamzunguka mara mbili.

Na Atuganile. Kibodi na mpangilio wake bila yeye vingekuwa chombo kizuri kisicho na mpishi. Fikirini mtu aliyekuwa akichapa amefumba macho, sasa anatafuta herufi kama anayetafuta sindano gizani. Vijana waliokuwa wakimwita bingwa walipita nyuma yake wakanyamaza kwa huruma, na huruma ilimuuma kuliko vifundo. Alijifunza upya katika umri ambao wengine wanahesabu kustaafu. Taratibu mikono ikaelewa. Ganzi ikapungua. Kidole kilichopinda kikaketi pale pale kilipopinda, hakikunyooshwa tena. Ukurasa mmoja ukawa miwili, rundo la rekodi likaanza kushuka.

Katika rundo hilo palikuwa na rekodi moja ambayo watu wote walikuwa wameiweka kando. Alikuwa anasema mama mmoja, Tusekile, lakini siku aliyosema mvua ilikuwa kubwa kuliko siku zote, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia. Kwenye hedifoni hukusikia kitu ila bati. Mzee Mwambeta alikuwa amekwisha kuandika kwamba haisikiki.

Atuganile aliichukua. Aliisikiliza asubuhi, akairudia, akairudia tena. Kwanza alipata majina ya watoto, wanne. Halafu akapata neno ufa. Halafu, kwa siku kadhaa, akakivuta kilichobaki, kama mtu anayetoa mwiba kwa ncha ya kucha. Tusekile alikuwa akisema kwamba wiki chache kabla ya mlima kushuka aliona ufa shambani kwake, ukipita kati ya migomba. Alitembea mpaka machimboni akamweleza msimamizi wa pale. Alimtaja kwa jina. Akataja na jibu alilopewa.

"Mlima hauhami, mama. Rudi ukalime."

Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa. Atuganile alilichapa kwa mikono yake miwili juu ya mninga wa Gwakisa, kwa herufi alizopangiwa na Subilaga, na lilikuwa tayari siku tume ilipokutana. Wajumbe walilisoma. Msimamizi yule wa machimbo alipoitwa na kusomewa maneno yake mwenyewe, hakuyakana. Tume ikaamua kwamba machimbo yafungwe, wenye machimbo wawajengee watu nyumba, na kijiji kihamishiwe kwenye ardhi imara upande wa pili wa mto. Waliokufa hawakurudi. Lakini waliobaki walilala mahali pasipotikisika.

Baadaye Tusekile alikuja ofisini na mkungu wa ndizi. Alisalimia, akaketi, akauliza ni nani aliyemsikia. Atuganile akasema ni yeye. Tusekile akamshika mkono akasema, "Ndaga fijo," ndiyo asante sana ya kule kwao, kisha akaanza kumsimulia habari za watoto wake. Atuganile alisikiliza kidogo. Halafu akaomba radhi, akainuka, akatoka nje, hakurudi mpaka mgeni alipoondoka. Wenzake walifikiri ameumwa. Yeye aliwaambia tu kwamba sauti ile tayari anayo, na hana pa kuiweka mara ya pili.

Haya. Mngedhani hadithi imeishia hapo, watu wakapongezana. Lakini kazi nzuri ina tabia ya kuzaa kazi nyingine. Tume ilifurahishwa na uchapaji ule ikaleta rekodi za wilaya ya pili, marundo kwa marundo, mpaka mwisho wa mwaka. Mzee Mwambeta aliwatazama watu wake watatu akaona hawafiki. Akaenda kuwaombea likizo kwa wakubwa, akarudi na jibu. Aliwaita, akawakalisha, naye akabaki amesimama.

"Nimepata likizo ya mwezi mzima, yenye mshahara," aliwaambia. "Lakini ni ya mtu mmoja. Mmoja tu. Baada ya mwezi huu hakuna nyingine mpaka mwaka uishe."

Aliwaeleza sababu. Mwezi wa kwanza rekodi zilikuwa bado zinaletwa na kuchambuliwa, kwa hiyo wawili wangeweza kuisukuma kazi. Akiondoka Atuganile, rekodi ngumu zingewekwa kando zimsubiri. Akiondoka Subilaga, lugha za wilaya mpya zingechapwa kwa mpangilio wa zamani, kwa kukwaakwaa. Akiondoka Gwakisa, wangeomba Mungu kibodi isiharibike. Pengo lingekuwapo, lakini lolote kati ya hayo lingevumilika kwa mwezi mmoja. Wakiondoka wawili, kazi ingesimama.

Najua mnachotaka kusema, maana nao walikisema: wagawane, kila mmoja siku kumi. Gwakisa ndiye aliyekataa. Alisema siku kumi ni za mwili kugundua kwamba umechoka. Ukishagundua tu, unauinua tena. Wenzake waliafiki. Walikuwa wamechoka kiasi hicho.

Mzee Mwambeta akawauliza, basi nani apewe. Alitegemea kwamba kila mmoja atamsukumia mwenzake, kama adabu inavyotaka, naye achague kutoka humo. Haikuwa hivyo. Adabu nayo inahitaji nguvu.

Gwakisa alisema anaitaka yeye. Akasema kibodi ni kitu, si wazo, na aliyekifanya kiwepo ni yeye. Alikata meza ya baba yake. Daktari amemwambia alale chali mwezi mzima, la sivyo mgongo utakaa hivyo maisha, na fundi asiyeinama ni fundi gani. Wenzake wanaweza kupumzika wakati wowote ofisi ikiruhusu, lakini mgongo hausubiri ruhusa.

Subilaga alisema anaitaka yeye. Akasema kibodi ziko duniani nyingi, na zote zinaumiza watu, kwa sababu kinachoponya ni mpangilio, na mpangilio ulitoka kichwani kwake, tena mara mbili. Mtoto wake amejua mgongo wa mama kuliko uso wake. Maziwa yamepungua. Mwezi huu ndio anaoanza kusimama, na hautarudi. Alisema hayo huku anajitikisa, na mtoto hakuwa mgongoni, alikuwa amelala kwenye kapu.

Atuganile alikuwa wa mwisho. Alisema mikono yake haiumi tena, na kwa hilo anawashukuru wote wawili, hatasahau. Kwa hiyo hawezi kuomba likizo kwa ajili ya mikono.

"Lakini ninyi mmechoka mahali panapoonekana," alisema. "Mimi nikikaa mezani kula nawasikia wale waliosema mbele ya tume. Nikisali nawasikia. Nataka kwenda kwa kaka yangu Rukwa, hana maneno mengi, anafuga nyuki. Nataka mwezi mmoja nisimsikie mtu. Nikivaa tena zile hedifoni kesho, sijui kama nitakayemsikia atakuwa ni yeye anayesema au ni wale."

Mzee Mwambeta alivua miwani akaifuta. Alitaka kusema apewe mwenye maumivu makubwa, akaona hana mizani ya kupimia mgongo na mtoto na sauti. Alitaka kusema apewe aliyefanya zaidi, akaona mninga bila herufi ni kuni, herufi bila mninga ni mawazo, na vyote viwili bila sikio ni kelele za mvua. Alitaka kupiga kura, akaona kura haichoki, wanaochoka ni watu. Aliwaambia waende nyumbani, jina atalipeleka kwa wakubwa asubuhi.

Kisha akaja kwangu akanisimulia, nami nimewasimulia ninyi kama nilivyopokea, sikumpendelea yeyote. Sasa maneno yangu yamekwisha, na yenu ndiyo yanaanza. Ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, mngekuwa ndani ya viatu vya Mzee Mwambeta na asubuhi ndiyo hiyo inakuja: mngemwambia nani aende akapumzike, na wale wawili wanaobaki mngewatazama usoni mkawaambia nini?